Aliyechota Maji

Ukitaka kujua thamani ya mwembe, fika Misheni ya Bagamoyo saa saba mchana, kwa miguu. Barabarani jua linachoma utosi, mchanga unaingia kwenye viatu, na bodaboda wanakuita kila hatua. Ukishaingia kwenye ile njia ya miembe ni kama umefungua mlango wa nyumba ya udongo. Miti mikubwa imesimama pande mbili kwa mstari, na hewa chini yake ni nyingine. Mara ya kwanza nilipofika, mama mmoja alikuwa ametua beseni lake la mihogo, amekaa juu ya mzizi, anajipepea na khanga. Wanafunzi walikuwa wakipita. Watalii wawili walikuwa wakipiga picha za matawi. Hakuna aliyekuwa akilipia kivuli.

Mimi ni mtoto wa Maili Moja, Kibaha. Kwetu kivuli kimeanza kuwa na bei. Tangu Barabara ya Morogoro ipanuliwe kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kila aliyebaki na ardhi karibu na lami anaipima kwa fremu: hapa zitakaa fremu tatu, pale nne, hapo mbele mtu wa vipuri vya pikipiki ameshauliza. Mti uliopo katikati ya hesabu hiyo unahesabika kama kikwazo. Ukitaka kuona miti mikubwa iliyopangwa ukiwa Kibaha, nenda kwenye maeneo ya Shirika la Elimu Kibaha, ule mradi ulioanzishwa na nchi za Nordiki miaka ya 1960 na kukabidhiwa serikali yetu mwaka 1970. Miti yao imesalia kwa sababu ardhi ni ya taasisi, na hakuna mtoto wa marehemu aliyekuja kudai kipande chake.

Nilikwenda Bagamoyo kwa ajili ya masomo. Ninasoma shahada ya uzamili katika masuala ya urithi wa kihistoria, na muhula wa kwanza mhadhiri alitupa mfano wa Uingereza: nyumba ya zamani ya paroko wa kijijini na viwanja vyake. Katika vijiji vingi vya Uingereza Kanisa lilikuwa na nyumba kubwa ya paroko, na baadhi ya nyumba hizo zilizungukwa na nyasi pana, miti iliyopandwa kwa mpango, ukuta wa bustani ya mboga na njia ya kuingilia yenye miti pande zote. Karne ya 20 Kanisa la Uingereza liliuza nyumba nyingi za aina hiyo kwa watu binafsi. Paroko alihamia nyumba ndogo, tajiri akaingia, lakini viwanja vikabaki, na baadhi yake vinalindwa. Tangu miaka ya 1980 Uingereza ina rejista ya taifa ya bustani na viwanja vya kihistoria, yenye maeneo zaidi ya 1,600.

Mhadhiri akauliza: sisi tuna nini kinachofanana na hicho? Darasa likanyamaza. Tumezoea kwamba urithi ni jengo: boma la Wajerumani, msikiti wa mawe, ngome, mlango wa nakshi. Mti ni mti. Mimi nikakumbuka safari ya shule ya msingi na ile njia ya miembe, nikasema, “Bagamoyo.” Akanijibu, “Haya, nenda.”

Kutoka Maili Moja kwenda Bagamoyo si lazima uzungukie Dar es Salaam. Unapanda gari hadi Mlandizi, halafu unakata kulia njia ya Makofia. Niliipita njia hiyo mara nyingi mwaka ule.

Historia yenyewe inajulikana. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walihamia Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, wakati wa Sultani Majid, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Walikuja na watu waliowakomboa kutoka utumwani, wengi wao watoto, wakaanzisha kilichoitwa kijiji cha uhuru. Wakasafisha pori na kulima. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga pwani na kuangusha karibu kila kitu walichojenga. Wakaanza upya. Tarehe 24 Februari 1874, Chuma na Susi na wenzao walifika hapo wakiwa na mwili wa David Livingstone, waliokuwa wameubeba kwa miezi mingi kutoka bara, nao ukalala kanisani usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wakati wa vita vya Abushiri, mwaka 1888 na 1889, watu wa mjini walikimbilia kwenye viwanja vya misheni na kujihifadhi huko.

Mashamba ya misheni yalikuwa pia maabara. Walijaribu minazi, vanila, kahawa, matunda. Miche ya kahawa yenye asili ya kisiwa cha Réunion ilipandwa na wamisionari hao pwani na baadaye katika misheni zao za bara. Wanaofuatilia kahawa ya Kenya wanajua kuna aina inayoitwa mpaka leo French Mission. Jina hilo limetokana nao. Padri Charles Sacleux, aliyefika huku mwaka 1879, alikusanya mimea ya pwani na majina yake, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka mwaka 1939 imejaa majina ya miti ambayo baadhi yetu hatuyasikii tena. Kuna jenasi ya mimea inayoitwa Sacleuxia kwa heshima yake.

Ona basi jinsi majina yanavyokwenda. Kahawa imebeba jina la misheni. Mmea umebeba jina la padri. Mnara wa kanisa la zamani unaitwa mnara wa Livingstone, ingawa alilala pale usiku mmoja tu, tena akiwa maiti.

Halafu kuna mbuyu. Waongozaji wa wageni husimulia kwamba ulipandwa mwaka 1868, mwaka uleule misheni ilipoanza. Kwenye shina lake umetokeza mnyororo wa chuma, sehemu yake kubwa ikiwa imemezwa na gamba. Nilisimama pale zaidi ya mara moja nikisikiliza wageni. Karibu kila kundi lina mtu anayenyamaza ghafla, anaugusa mnyororo kwa kidole, na kuuliza kwa sauti ya chini kama ndipo watumwa walipofungwa. Mwongozaji hujibu kwa upole: hapana, bibi mmoja Mfaransa aliyehudumu misheni, Madame Chevalier, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Alipoondoka mnyororo ukasahaulika, mti ukaendelea kunenepa.

Wageni hucheka, wengine wanaonekana kama wamepunjwa. Mwanzoni na mimi nilicheka. Baadaye nikafikiri kwamba yule mgeni hakukosea sana; alikuwa ameangalia mahali pasipo. Alitaka alama ya watu wale, akaitafuta kwenye chuma. Lakini watu wale wameizunguka pande zote. Miembe ile ilipandwa na nani?

Kitabu kilichonisaidia zaidi ni cha mwanahistoria Paul Kollman, kilichotoka mwaka 2005, kuhusu watumwa na mwanzo wa Ukatoliki Afrika Mashariki. Kinaonyesha maisha ya ndani ya misheni: kengele, sala, darasa, na kazi za mikono kila siku, hasa shambani. Watoto walinunuliwa ili wawe huru, na uhuru huo ulikuja na jembe. Kinaonyesha pia kwamba hawakuwa watu wa kuitikia tu. Wapo waliolalamika, wapo waliotoroka, wapo waliobaki na kuifanya misheni kuwa kwao. Walibatizwa kwa majina ya watakatifu. Mtoto aliyeletwa kutoka upande wa ziwa Nyasa na jina alilopewa na bibi yake akaandikwa daftarini kwa jina la mtakatifu wa Ulaya.

Sasa fikiria mche wa mwembe pwani yetu. Miaka ya mwanzo kiangazi kinauua kirahisi. Mche mmoja unataka maji jioni, na njia nzima ya miche inataka mikono mingi. Mapadri walikuwa wachache, na wengi walikufa wakiwa vijana. Nenda makaburini kwao usome umri wao kwenye misalaba, utasikitika. Waliochota maji ni watoto. Sina hati inayosema mtoto fulani alimwagilia mti fulani, na sidhani kama inahitajika. Mti unaofika miaka 100 na zaidi ni ushahidi kwamba kuna mtu aliuhudumia ulipokuwa na urefu wa goti.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika pendekezo langu la utafiti baba yangu aliponipigia simu. Kulikuwa na kikao cha familia Jumapili, na jambo lenyewe lilikuwa miembe.

Nyumbani kwa Bibi, Maili Moja, kulikuwa na miembe miwili ya dodo. Mmoja mbele, upande wa barabara, na mwingine nyuma, karibu na jiko. Wote tuliiita miembe ya Babu. Babu alifariki nikiwa darasa la tatu. Ule wa mbele ndio uliozikiwa kitovu cha baba mdogo, na chini yake ndipo msiba wa Babu ulipowekwa, turubai likafungwa kwenye matawi.

Baba mdogo ndiye aliyeanza kuongea. Alikuwa amepata mtu wa kujenga fremu tatu kwa mkataba: anajenga, anazitumia miaka kadhaa, kisha anawaachia wenye ardhi. Atatoa na kitu cha kuanzia. Lakini miembe yote iondoke, kwa sababu fremu zinakaa mbele na choo na stoo vinakaa nyuma.

Shangazi akasema, “Mzee ataona tumemfukuza kwake mara ya pili.”

Baba mdogo hakukasirika. Akanigeukia. “Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Ada ya mwaka wa pili imebaki kiasi gani?”

Nikaitaja.

“Basi,” akasema. “Mti haulipi ada.”

Hakusema kwa kejeli. Ni yeye aliyelipa nusu ya mwaka wa kwanza, kwa kazi ya kuendesha lori la kokoto. Nilikuwa nimekaa pale na mkoba wenye kurasa 30 kuhusu ulinzi wa miti ya kihistoria, na pesa ya kuzikamilisha kurasa hizo ilikuwa ndani ya mti wenyewe. Ukisoma vitabu vya uhifadhi utadhani adui wa mti ni mtu mjinga au mlafi. Kwetu alikuwa mtu anayenipenda.

Niliwaambia ninachokijua kuhusu sheria, kwa kuwa waliuliza. Haikuwa habari ya kusaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Cha baadaye lazima kitangazwe rasmi. Hata misheni ya Bagamoyo, ya mwaka 1868, imechelewa kwa miaka 5. Miembe ya uani kwa Bibi haimo katika maneno ya sheria yoyote ya urithi. Inalindwa na wenyewe, na wenyewe tulikuwa hapo kwenye mkeka.

Bibi alikuwa kimya muda wote, anachambua mchele. Kikao kikaahirishwa, watu wakala. Jioni nikabaki naye jikoni, chini ya ule mwembe wa nyuma. Kwa sababu ya Bagamoyo nilikuwa nimeshika mazoea ya kuuliza swali moja, nikamuuliza na yeye.

“Bibi, miembe hii nani aliipanda?”

“Si mnasema Babu yenu.”

“Ninakuuliza wewe.”

Akacheka. Tangu nikiwa mdogo ananiita mke mwenzake. “Haya mke mwenzangu, nikwambie habari za mume wetu. Alikuwa anafanya kazi bandarini Dar. Anakuja Jumamosi, Jumapili jioni anaondoka. Siku moja akaja na miche miwili kwenye kopo la mafuta. Akachimba mashimo, akafukia, akanawa mikono. Akaondoka zake.”

“Kisha?”

“Kisha kiangazi kikaingia. Mimi nina mimba ya shangazi yako. Kisima kiko kule bondeni, unapanda na debe kichwani. Debe moja la kupikia, moja la kuogea, na moja la miti yake. Nikiacha siku mbili, majani yanalala. Nikasema hii miti ikifa atasema nimeiua mimi. Viangazi viwili hivyo, mama. Cha pili nina mtoto mgongoni.”

“Mbona hujawahi kusema?”

Aliupeta mchele mara mbili kabla ya kujibu.

“Nani aliniuliza?”

Nimesoma makala nyingi kuhusu kumbukumbu na nani anaandika historia. Hakuna iliyoniweka sawa kama maneno hayo mawili. Nilikulia chini ya mti ule. Nimebembea juu yake, nimeangusha embe kwa mawe, nimelia chini yake Babu alipokufa, na kila mwaka nilikula jasho la mtu aliyekaa mita tano kutoka kwangu, nikimshukuru mwingine.

Nikayaona upya na ya Bagamoyo. Nilikuwa nimeanza kuwaonea huruma wale watoto kwa namna fulani ya mbali, ya kitaaluma, kama watu waliotendewa tu. Bibi hakuwa akijionea huruma. Alikuwa na hasira kidogo, na alikuwa na fahari. Miti ilikuwa imeshindana na viangazi viwili na yeye ndiye aliyeshinda. Labda na kule, baada ya miaka 20, kuna mwanamke aliyepita kwenye njia ile, akautazama mwembe mmoja na kujua kwamba ni wake. Kulazimishwa kufanya kazi na kuipenda kazi iliyokwisha kuzaa vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Hilo haliondoi ubaya wa mwanzo. Linakataza tu kumfanya mtu awe mnyororo peke yake.

Jumapili iliyofuata kikao kiliendelea. Shangazi alikuwa ameshasikia habari ya debe, kwa sababu mimi nilimpigia simu usiku uleule. Safari hii Bibi aliulizwa kwanza. Alisema ule wa mbele ukatwe, mtoto asome. Wa nyuma usiguswe akiwa hai, na akifa wamuulize huyu, akaninyooshea ungo. Baba mdogo akakubali fremu mbili badala ya tatu. Yule mtu wa mkataba alinung'unika, akapunguza cha kuanzia, lakini akaja.

Siku ya kukata nilikuwepo. Msumeno wa mashine ulimaliza kwa asubuhi moja kazi iliyoanza kabla baba yangu hajazaliwa. Baba mdogo alisimama karibu mpaka mwisho, akaokota kipande cha gome na kukitia mfukoni bila kusema kitu. Mbao tulizopata zimetengeneza rafu za fremu ya kwanza, ambayo sasa ni duka la dawa. Ada yangu ililipwa mwezi huo.

Katika tasnifu ninapendekeza mambo ya kawaida ambayo mwanafunzi wa fani yangu anapaswa kupendekeza: miti ya Misheni ya Bagamoyo ihesabiwe na kuchorwa ramani, afya yake ipimwe, miche ioteshwe kutokana na mbegu zake ili iliyozeeka ikianguka pawe na mrithi wa damu, na itangazwe kuwa sehemu ya urithi pamoja na majengo. Nimeongeza jambo moja ambalo msimamizi wangu aliniambia nilitetee vizuri: kwamba kibao chochote kitakachowekwa kwenye njia ile kisianze na padri. Kiseme kwamba miti hii ilimwagiliwa na watoto walionunuliwa sokoni, na kwamba tunakaa kwenye kivuli chao. Msimamizi aliuliza ushahidi wangu wa kwamba walichota maji. Nilimwambia upo, una matunda kila Desemba.

Akasema hilo si jibu la kitaaluma. Nimeandika jibu la kitaaluma, kurasa nne, lenye ratiba za kazi za misheni na idadi ya mapadri waliokuwepo. Linasema kitu kilekile.

Mwembe wa nyuma umebaki. Umezungukwa na ukuta wa fremu upande mmoja na choo upande mwingine, na bado mwaka huu umezaa. Shangazi ameanza kuuita mwembe wa Mama. Baba mdogo bado anasema wa Mzee. Bibi mwenyewe anauita mwembe tu, na jioni, mvua zikichelewa, bado anaumwagia maji aliyooshea mchele.